Ukiambiwa maziwa ya mama yana laktoferini gramu kadhaa kwa lita, uliza: laktoferini ipi?

Fundi Matawi (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari za saa hizi.

Majuzi mtu aliuliza humu: kama protini za maziwa ya mama zinajulikana kwa majina na kwa kiasi, watafiti bado wanahangaika na nini? Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu kuliko swali, nikaona bora lipate uzi wake. Kazi yangu ni ya maabara, na kwa miaka kadhaa nimeshinda na protini hizi zenye sukari. Si daktari wa watoto. Mwenye mtoto anayeumwa asitafute tiba hapa, aende hospitali.

Tuanze na kilichomo. Lita moja ya maziwa ya mama yaliyokomaa ina laktosi kama gramu 70 na protini kama gramu 10. Kuna kundi jingine ambalo wengi hawalijui: sukari za minyororo zinazoelea zenyewe, gramu 5 hadi 15 kwa lita, za aina zaidi ya 200, ambazo utumbo wa mtoto hauna hata vimeng'enya vya kuzivunja. Hizo zimeandikwa sana, na leo nitazipita. Nataka kuzungumzia ndugu zao waliofungwa kwenye protini kwa kifungo cha kikemia tangu protini ikiwa bado ndani ya seli ya titi. Protini iliyofungwa sukari hivyo ndiyo glikoprotini. Nyingi ya zile zinazosifiwa kwa ulinzi ni za ukoo huo: laktoferini, kingamwili IgA, kazeini ya kapa, kimeng'enya cha kuvunja mafuta, na zile zinazokaa kwenye utando wa matone ya mafuta ya maziwa.

Nikisema imefungwa sukari msifikirie kitu kilichochovywa kikatoka na utamu. Fikirieni tawi lililopandikizwa. Seli hutengeneza kwanza tawi zima la sukari 14 juu ya kibebeo cha mafuta kiitwacho dolikoli, halafu hulihamisha lote kwa mpigo mmoja hadi kwenye asidi amino inayoitwa asparajini. Wala si asparajini yoyote: inayofaa ni ile ambayo hatua mbili mbele yake kuna serini au treonini, na anayesimama katikati asiwe prolini. Baada ya hapo protini inasafiri ndani ya seli huku vimeng'enya vikipogoa tawi na kulipandikiza upya. Huyu anaongeza sukari iitwayo galaktosi, yule fukosi, mwingine anafunga ncha kwa sukari nyingine, asidi ya sialiki. Kuna na aina ya pili ya tawi, linaloshikwa moja kwa moja na serini au treonini, ambalo hujengwa sukari moja baada ya nyingine na halina kanuni rahisi ya kutabiri litakaa wapi. Hilo ndilo linalotunyima usingizi.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mfuatano wa asidi amino umeandikwa kwenye jeni, herufi kwa herufi. Umbo la tawi halijaandikwa popote. Linategemea vimeng'enya gani viko kazini siku hiyo, viko vingi kiasi gani, na protini imepita mbele yao kwa kasi gani. Kwa hiyo nakala mbili za protini ileile, kutoka seli ileile, saa ileile, zinaweza kutoka zikiwa zimebeba matawi tofauti.

Chukueni laktoferini. Tungamo lake ni kama daltoni 80,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), ina pande mbili, kila upande unaweza kushika chembe moja ya chuma. Ina nafasi tatu za kubeba tawi. Mbili hukaliwa karibu kila mara, ya tatu kwa nadra. Tuseme kila moja ya zile mbili inaweza kubeba matawi kumi tofauti. Kumi mara kumi, tayari una laktoferini mia, na hapo nimehesabu kwa ubahili. Halafu kinakuja kipimo cha kawaida cha kingamwili kinakuambia "gramu mbili kwa lita". Kimewahesabu wote kama mtu mmoja.

Mtu atasema: sawa, sukari ni pambo tu, kazi inafanywa na protini. Ndiyo maana nimefungua uzi. Vijidudu vingi vinavyoingilia tumboni huanza kwa kushika sukari zilizo juu ya seli za utumbo. Glikoprotini ya maziwa ikipita na sukari inayofanana na ile, kijidudu kinashika mtego badala ya mlango. Kazeini ya kapa ya mama imeonekana maabara ikizuia Helicobacter pylori kushika seli za tumbo. Kile kimeng'enya cha mafuta kina mkia uliojaa matawi ya aina ya pili, na baadhi ya matawi hayo hushikwa na kipokezi cha seli za kinga kiitwacho DC-SIGN, kilekile ambacho virusi vya UKIMWI hukitumia kupandia. Na mwaka 1998 watafiti waliofuatilia watoto wachanga Mexico walichapisha kwamba walioambukizwa virusi vya rota bila kuonyesha dalili walikuwa wamenyonya maziwa yenye laktadherini nyingi kuliko wale walioharisha. Laktadherini nayo ni glikoprotini.

Nishushe kalamu hapa kwanza. Maswali yapo?

---

Bi Zamu

Mkuu, nimesoma mara mbili. Mimi niko wodi ya wazazi, kwa hiyo swali langu ni la wodini: akina mama wawili wamelala vitanda vinavyofuatana, wote wamejifungua jana. Maziwa yao yana matawi sawa? Na je, ni suala la kundi la damu? Maana nimesikia mtu akisema mama wa kundi O ndiye mwenye maziwa bora.

---

Fundi Matawi

Dada, hayako sawa, na tofauti nyingine ni ya kuzaliwa nayo. Ila aliyekuambia kundi O amekosea mlango kidogo.

Swichi kubwa ni jeni inayoitwa FUT2. Inatengeneza kimeng'enya kinachoweka fukosi kwa kiungo cha alfa 1,2 kwenye majimaji ya mwili: mate, ute, maziwa. Mama ambaye nakala zake zote mbili za jeni hiyo hazifanyi kazi, maziwa yake yatakosa kiungo hicho. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ni kama mmoja kati ya watano. Mama wa kundi O anaweza kuwa nayo au asiwe nayo, na wa kundi A vilevile. Wala huyo asiyenayo hajakosa fukosi kabisa, kwa sababu kuna vimeng'enya vingine vinavyoiweka kwa viungo tofauti, FUT3 pembeni ya tawi na FUT8 kwenye shina lake.

Neno "bora" ningeliacha wodini. Tawi linaloteka kijidudu fulani halimteki jirani yake.

Halafu kuna siku. Dang'a ina protini nyingi zaidi kwa lita kuliko maziwa ya wiki za baadaye, hilo unalijua kuliko mimi. Kisichojulikana sana ni kwamba matawi nayo hayatulii. Utafiti uliochapishwa 2012 kuhusu laktoferini ya wiki za mwanzo ulionyesha sukari zake zikibadilika kadiri siku zinavyosonga, na fukosi zikiongezeka. Kwa hiyo ukinipa sampuli bila kuniandikia ni ya siku ya ngapi, umenipa nusu ya sampuli.

---

Mbishi Halali

Nimekaa kimya nimechoka. Mkuu, hizi hadithi za "mtego" ni tamu sana lakini karibu zote ni za kwenye kisahani cha maabara. Kama laktoferini ni shujaa kiasi hicho, mbona watoto njiti walipopewa haikusaidia? Wale wa Uingereza walifanya jaribio kubwa kabisa.

---

Fundi Matawi

Mbishi, hili ni swali la haki, na nafurahi umelileta mapema.

Jaribio unalosema linaitwa ELFIN, matokeo yalitoka 2019: watoto njiti 2,203, nusu wakapewa laktoferini kila siku, nusu kitu kisicho na dawa. Maambukizi hayakupungua. Jaribio la awali la Italia la mwaka 2009, dogo kuliko hilo, lilikuwa limeonyesha kupungua, ndiyo maana watu walivunjika moyo.

Sasa angalia neno moja ambalo huwa linaanguka njiani watu wanaposimulia. Ile ilikuwa laktoferini ya ng'ombe. Mnyororo wake wa asidi amino unafanana na wa binadamu kwa sehemu kubwa, lakini matawi ni mengine. Ya ng'ombe yana sukari ya manosi nyingi. Kwa ujumla, ukiyakusanya matawi ya protini zote za maziwa, ya binadamu kama robo tatu hubeba fukosi, ya ng'ombe ni kama theluthi. Na kuna sukari moja, aina ya asidi ya sialiki iitwayo Neu5Gc, ambayo ng'ombe huitengeneza na binadamu hawezi, kwa sababu jeni yetu ya CMAH iliharibika zamani sana kabla hatujawa watu wa leo.

Je, hiyo ndiyo sababu ELFIN haikufaulu? SISEMI hivyo. Jaribio halikuundwa kupima hilo, na anayedai hivyo anauza kitu. Ninachosema ni kwamba lilijibu swali la laktoferini ya ng'ombe, watu wakaliandika kama jibu la laktoferini yote. Kosa lilelile la kuhesabu mia kama mmoja.

Kuhusu kisahani cha maabara umepiga panapouma. Ule wa Mexico ulikuwa wa watoto wenyewe, lakini ni wa kufuatilia, si wa kugawa kwa bahati nasibu. Nakubali.

---

Mbishi Halali

Haya. Leo nimejibiwa bila kutukanwa, naendelea kusoma.

---

Kijana wa Jeli

Shikamoo mkuu. Niko mwaka wa mwisho, mradi wangu ni huuhuu na umenishinda. Nimepewa maziwa, nimezungusha kwa kasi kwenye baridi nikaondoa mafuta, nikashusha asidi hadi pH 4.6 kazeini ikaganda, nikabaki na maji ya maziwa safi. Nikayapitisha kwenye jeli inayotenganisha protini kwa uzito. Kuna mstari mnene karibu na 80,000, ndiyo laktoferini yangu. Nataka kuonyesha ina matawi, nikatia PNGase F, kimeng'enya cha kukata matawi ya asparajini, ili iyakate mstari ushuke. Nimerudia mara nne. Haushuki hata unywele. Badala yake kuna mstari mpya chini, karibu na 36,000, ambao kwenye sampuli isiyotiwa kimeng'enya haupo. Msimamizi wangu amefurahi anasema hicho ndicho kipande kilichokatwa. Mimi moyo wangu unakataa.

---

Fundi Matawi

Marahaba kijana. Usikilize moyo wako. Huo mstari wa 36,000 ni PNGase F yenyewe! Ndio uzito wake. Weka kisima kimoja chenye kimeng'enya peke yake bila maziwa, utauona umekaa palepale. Matawi yaliyokatwa ni madogo mno, jeli hiyo haiwezi kuyashika.

Kwa nini haikati? Niambie hatua zako. Ulichemsha protini na SDS kwanza?

---

Kijana wa Jeli

Ndiyo mkuu. SDS na DTT, dakika kumi, nyuzi 100. Ikapoa, nikatia bafa na kimeng'enya, nikaiacha kwenye 37 usiku kucha.

---

Mzee wa Vipimo

NP-40 iko wapi?

---

Fundi Matawi

Mzee kaniwahi.

Kijana, SDS ni sabuni kali. Umeitumia kuifungua protini ili kimeng'enya kiingie kwenye kona zilizojificha, vizuri kabisa. Lakini SDS hiyohiyo inakiua na kimeng'enya. Kabla ya kukitia unaongeza sabuni laini, NP-40, iizunguke SDS na kuifunga mdomo. Ulikuwa unakiua kimeng'enya dakika ileile unayokitia, halafu unakaa nacho usiku kucha kwenye 37 kama mtu anayesubiri gari lililokwisha pita. Nimefanya hivyo pia, msinicheke.

Jambo la pili. Umeandika "ndiyo laktoferini yangu". Umejuaje?

---

Kijana wa Jeli

Kwa uzito, mkuu. 80,000.

---

Fundi Matawi

Shikilia hapo hapo. Rudia na NP-40, halafu tutaongea.

---

Mzee wa Vipimo

Fundi, nichomekee swali la wakubwa. Miaka yetu tulikuwa tukitumia lektini. Unahamisha protini kutoka kwenye jeli kwenda kwenye utando, unapitisha lektini ya karanga, ya ngano, Concanavalin A, unaona nani kashika nini. Leo vijana wote wanakimbilia spektrometa, mashine ya kupima uzito wa molekuli. Kuna mlichopata ambacho sisi hatukukiona?

---

Fundi Matawi

Mzee, shikamoo. Lektini sijazitupa. Ni protini za mimea na uyoga zinazotambua sukari: Concanavalin A inapenda manosi, ya mti wa Sambucus nigra inapenda asidi ya sialiki iliyofungwa kwa 2,6, ya uyoga wa Aleuria aurantia inapenda fukosi. Kwa asubuhi moja unajua sampuli mbili zinatofautiana. Lakini lektini inakuambia "humu mna fukosi". Haikuambii ni kwenye nafasi ipi ya protini, wala kwenye tawi gani. Spektrometa inaweza kukuambia, na pia inaweza kukudanganya ukiwa umevaa koti jeupe mbele ya watu. Nisimulie langu.

Nilikuwa nimekata laktoferini ya dang'a kwa tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, kuwa vipande vidogo, nikachuja vile vyenye matawi, nikaviingiza kwenye mashine. Programu ikaniletea orodha. Juu kabisa, tena na tena, matawi yenye asidi ya sialiki. Nikafurahi. Nikatengeneza slaidi, nikasimama kwenye kikao cha maabara nikasema laktoferini ya siku za mwanzo imejaa asidi ya sialiki.

Nyuma alikaa mama mmoja mtu mzima, hana maneno mengi. Akauliza: "274 iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikafungua data pale pale mbele ya watu. 274 haikuwepo.

Nieleze kwa wasiojua. Asidi ya sialiki ikiwa kwenye mnyororo ina uzito wa daltoni 291.095. Fukosi moja ni 146.058. Fukosi mbili: 292.116. Kwa hiyo tawi lenye fukosi mbili na tawi lenye asidi ya sialiki moja hutofautiana kwa daltoni 1.020 tu. Sasa kaboni ya asili ina isotopu nzito kidogo, na kila molekuli kubwa huonekana kwenye mashine kama safu ya vilele vinavyopishana kwa 1.003. Kwenye kipande cha daltoni 4,000 kile kilele cha kwanza kabisa ndicho kifupi kuliko majirani zake, na programu ikiteleza hatua moja inapokisia kipi ni cha kwanza, fukosi mbili zinageuka asidi ya sialiki na hakuna kengele inayolia. Kinachozitenganisha ni daltoni 0.017. Kwenye 4,000 hiyo ni sehemu kama nne kwa milioni. Mashine yangu siku hiyo ilikuwa haijasawazishwa kwa ukali huo.

Lakini sukari zikivunjwa ndani ya mashine huacha vipande vyenye saini. 204.09 inasema hapa kuna tawi. 366.14 inasema galaktosi iko na jirani yake. 274.09 na 292.10 zinasema asidi ya sialiki ipo kweli. 512.20 inasema fukosi. Yule mama alikuwa anauliza saini. Nilikuwa nimeleta hati isiyosainiwa.

Tangu siku hiyo sampuli yangu naigawa mbili. Nusu naitia sialidase, kimeng'enya kinachong'oa asidi ya sialiki peke yake, nusu naiacha. Kilele kikihama 291, ni kweli. Kisipohama, nafuta slaidi. Hata hiyo 512 siiamini peke yake, maana fukosi ina tabia ya kuhama tawi ndani ya mashine.

---

Mzee wa Vipimo

Hahaha, "274 iko wapi" nitaiandika ukutani. Na PNGase je, haiwezi kuwaonyesha nafasi? Ikikata, asparajini inabaki asidi aspatiki, uzito unapanda.

---

Fundi Matawi

Unapanda 0.984, naam. Shida ni kwamba asparajini nyingine hubadilika hivyo zenyewe mezani bila tawi lolote. Ukikatia kwenye maji yenye oksijeni 18, ile isotopu nzito, unapata karibu 2.99, hapo mtu hakuchezei. Ila ukishakata umejua mti ulisimama wapi, hujui tena ulikuwa mti gani. Kila njia inakupa kimoja na kukunyang'anya kingine. Na hayo yote ni kwa matawi ya asparajini. Kwa yale ya serini na treonini hakuna kimeng'enya kimoja kinachoyakata yote. Unayang'oa kwa alkali, na protini nayo inaharibika.

Na onyo kwa yeyote anayeanza: ondoa zile sukari zinazoelea KABLA ya kukata chochote. Kumbuka ni gramu 5 hadi 15 kwa lita. Sukari zote zilizofungwa kwenye laktoferini ya maziwa yaliyokomaa hazifiki hata gramu 0.2. Usipoosha vizuri, kwa alkoholi baridi au kwa kichujio cha ukubwa, utachapisha jambo lisilohusiana na protini kabisa.

---

Mama Mapacha

Naombeni radhi, mimi si mwanasayansi ila nimefuatilia. Wanangu walizaliwa kabla ya wakati wakapewa maziwa ya kuchangiwa kutoka benki ya maziwa. Niliambiwa hupashwa moto kwanza. Hayo matawi yanapona?

---

Fundi Matawi

Mama, swali zuri, wala usiombe radhi.

Benki nyingi za maziwa hutumia nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Kwa moto huo kifungo kinacholishika tawi hakikatiki, na zile sukari zinazoelea hubaki kama zilivyo. Kinachoumia ni mkunjo wa protini. Kimeng'enya cha mafuta hupoteza kazi yake, laktoferini na IgA hupungua. Benki zinajua hivyo, na bado hupasha, kwa sababu kijidudu kumfikia mtoto njiti ni hatari kubwa kuliko hasara hiyo. Wanao hawakupewa maji matupu.

Umenikumbusha jambo nililolisahau kwenye bandiko la kwanza. Kuna sukari nyingine inayopatikana kwenye protini za maziwa ambayo seli haikuiweka. Ukipasha maziwa sana, au ukiyakausha kuwa unga na kuyaweka muda mrefu, laktosi hujibandika yenyewe kwenye asidi amino ya lisini. Ni mmenyuko aliouelezea Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Hapo hakuna kimeng'enya, hakuna mpango, na lisini iliyobandikwa hivyo mtoto haipati kama chakula. Kwenye mashine laktosi moja iliyojibandika huongeza 324.11, sawasawa kabisa na sukari mbili za kawaida za kwenye tawi. Asiyeangalia imekaa juu ya lisini au asparajini ataita uharibifu wa moto jina la kazi ya seli.

---

Bi Zamu

Fundi, na mwisho wa safari je? Mtoto akishanyonya hayo matawi huenda wapi?

---

Fundi Matawi

Sehemu huliwa, lakini mlaji si mtoto. Mwaka 1954 Paul György na wenzake Marekani walieleza kitu kwenye maziwa ya mama kinachokuza bakteria wa jamii ya bifidi. Leo tunajua kuna Bifidobacterium infantis, mkazi wa utumbo wa wanaonyonya, mwenye kimeng'enya kinachokata tawi zima kwenye shina, kati ya sukari mbili za mwanzo, na kuacha moja imesimama kwenye protini kama kisiki. Watafiti wa California walikieleza 2012 na sasa wengine tunakitumia maabara badala ya PNGase, kwa sababu hakihitaji kuchemsha protini. Yaani bakteria wa mtoto katuuzia mkasi.

Sehemu ya protini zenyewe hupita nzima. Laktoferini na IgA za mama hupatikana kwenye kinyesi cha mtoto, na kwa IgA matawi yana mchango katika kuikinga isimeng'enywe haraka.

---

Kijana wa Jeli

Mkuu nimerudi. NP-40 imefanya kazi. Mstari umeshuka.

Ila kuna jambo. Haujashuka mmoja. Ule mnene wa 80,000 umekuwa MIWILI. Mmoja umeshuka kidogo tu, uko karibu na 75,000. Mwingine umeporomoka hadi kama 65,000. Na wa 36,000 upo, na kwenye kisima cha kimeng'enya peke yake upo pia, kama ulivyosema.

---

Fundi Matawi

Sasa tuongee.

Wa juu ndiye laktoferini. Huyo aliyeporomoka, kwa maoni yangu, ni kipande cha usafirishaji cha IgA: kile kinachoifunga IgA wakati inavuka seli ya titi kuingia kwenye maziwa, na kingine huelea peke yake. Kina nafasi saba za matawi, ndiyo maana kilipovuliwa nguo kimepungua hivyo. Kikiwa kimevaa, kwenye jeli kinasimama bega kwa bega na laktoferini. Thibitisha kwa kingamwili zake, usiniamini mimi kwa mdomo. Halafu fungua daftari lako, kila mahali ulipoandika "mstari wa laktoferini" na kuupima unene, weka alama ya kuuliza.

---

Kijana wa Jeli

Ni kurasa arobaini mkuu.

---

Mzee wa Vipimo

Tumia penseli.